Kidole cha Mwisho na Herufi A: Majibu kwa Wanaobeza Kibodi Ndogo

Itigi ni mji wa reli, na karatasi zake ni nyingi kuliko ukubwa wake. Kuna halmashauri ya wilaya, kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, kuna shule zinazotunga mitihani ya majaribio, vijiji vinavyoandika mihtasari ya vikao, wachimbaji wa jasi wanaoomba vibali, wafugaji wanaohitaji barua za kusafirisha mifugo. Karatasi hizo zote kuna mtu amekaa akazichapa, na karibu zote zimechapwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo namna vitufe vinavyopangwa si jambo la wapenzi wa kompyuta wa Dar es Salaam peke yao. Ni jambo la kazi yetu.

Ninachokitetea ni kibodi ndogo ya swichi, yenye vitufe arobaini na kitu, ambayo mwenye nayo ndiye anayekiambia kila kitufe kitoe nini. Naitumia kuchapia kazi za watu hapa mjini, na pingamizi ninazozisikia kwa makarani, walimu na vijana wa steshenari ni zile zile. Baadhi zina ukweli, nami nitaukubali. Nyingi hazina. Na kuna maneno mengine yanayosemwa na mashabiki wenzangu wa kibodi hizi ambayo pia lazima yajibiwe, maana sifa ya uongo huharibu jambo jema kuliko tusi.

“Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kiingereza, basi kibodi ya Kiingereza inatosha.”

Hili ndilo dai kubwa kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo. Herufi kweli ni zile zile, lakini matumizi yake hayafanani hata kidogo.

Mpangilio tunaoutumia, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, waliopata hataza yao ya kwanza mwaka 1868. Kampuni ya Remington iliiingiza sokoni mwaka 1874. Waliokuwa wakiujaribu walikuwa wakichapa Kiingereza. Hakuna aliyefikiria lugha ambayo karibu kila silabi yake inaishia kwa irabu, na ambayo viambishi vya ku, ki, wa, ya na za vinarudi katika kila mstari.

Tazama herufi A. Katika Kiingereza herufi inayoongoza ni E, nayo hutokea karibu mara 13 katika kila herufi mia. Katika Kiswahili A huchukua herufi moja katika kila tano, na mara nyingi zaidi ya hapo. Andika “Halmashauri ya Wilaya ya Itigi”: herufi 26, na saba kati yake ni A, ingawa jina la mji lenyewe halina hata moja. Sasa angalia A iko wapi kwenye kibodi. Iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kidole hicho hicho kimepewa Q, Z, Tab, Caps Lock na Shift ya kushoto. Neno “za”, ambalo hukosi kuliandika katika barua yoyote, linachapwa lote na kidole hicho: kinashuka kwenye Z, kinapanda kwenye A. Ndivyo ilivyo pia kwa “waliokwaza”, “kuuza”, “kueleza” na “mwanzo wa kazi”.

Si A peke yake. K na I ziko chini ya kidole kimoja, kidole cha kati cha mkono wa kulia, moja juu ya nyingine. Kiswahili kinaishi kwa ki. Andika “hakikisha” bila kuangalia vitufe, kama wanavyofundishwa wahazili, kisha sikiliza vidole vyako: kidole cha kati kinagonga mara nne mfululizo, k, i, k, i, huku vingine vimekaa vinasubiri. Halafu kuna kidole cha shahada cha kulia, ambacho kina U, Y, H, J, N na M kwa pamoja. Neno “muhimu” lina herufi sita, na tano kati yake ni za kidole hicho. “Jumuiya” inaanza kwa miguso minne ya kidole hicho hicho kabla ya kidole kingine kupata zamu.

Wakati huo huo, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimewekwa juu ya nukta-mkato, alama ambayo unaweza kuchapa muhtasari mzima wa kikao cha kijiji bila kuihitaji. Mahali pazuri pa mstari wa katikati panakaa bure, na herufi tunayoitumia kuliko zote imetupwa pembeni.

Anayesema kibodi ya Kiingereza inatosha, kwa hiyo, anasema kweli kwa maana moja tu: kazi inakamilika. Lakini inakamilika kwa mzigo uliogawanywa vibaya, na sisi tumekuwa tukiubeba tangu enzi za mashine za kuchapa za chuma bila kuuliza nani aliugawa.

“Kama tatizo ni hilo, si kuna Dvorak na Colemak? Chagua mojawapo.”

Huu ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na watu waliosoma kuhusu kibodi kwa Kiingereza. August Dvorak alipata hataza ya mpangilio wake Marekani mwaka 1936. Shai Coleman alitoa Colemak mwaka 2006. Wote wawili walihesabu herufi za Kiingereza kwa makini, na kwa Kiingereza wamefanya kazi nzuri.

Lakini katika mipangilio yote miwili A imebaki palepale, chini ya kidole cha mwisho cha kushoto. Haikuwasumbua, kwa sababu katika lugha yao A haina uzito ilionao kwetu.

Na kuna zaidi. Katika Dvorak, kidole cha shahada cha kushoto kinashika U, I, K, X, P na Y. Kwa Mwingereza ni sawa, kwa sababu K kwake ni herufi ya nadra. Kwetu ni balaa. Chapa “kupika”: herufi tano za kwanza, k, u, p, i, k, zote ni za kidole hicho kimoja, kisha ya sita inaangukia kidole cha mwisho. Chapa “kujiuliza”: herufi nne kati ya tano za mwanzo, kidole kilekile. Colemak imeepuka hilo, lakini imekusanya J, L, H, N, K na M chini ya kidole cha shahada cha kulia. Sasa fikiria ngeli ya m- na wa-: mkulima, mlinzi, mjumbe, mhandisi, mnada. Kila neno hapo linaanza kwa miguso miwili ya kidole kimoja. Orodha ya wajumbe wa kamati ya maji ingekuwa adhabu.

Jibu langu, basi, si kuchukua mpangilio wa mtu mwingine na kuuleta Itigi. Ni kuanza na Kiswahili chenyewe. Na hapo ndipo kibodi ndogo inapopata umuhimu, kwa sababu kibodi hizi huwa na kitu ambacho kibodi ndefu haina: badala ya kitufe kimoja kirefu cha nafasi kilichowekwa chini ya vidole gumba vyote viwili, zina vitufe kadhaa vya gumba. Gumba ni kidole chenye nguvu, na kwenye kibodi ya kawaida kimoja kati ya viwili hakifanyi chochote siku nzima.

Kwa hiyo A naiweka kwenye gumba la kushoto, na nafasi inabaki gumba la kulia. Wazo la kukipa kidole gumba herufi inayoongoza si geni: kibodi ya Maltron, iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1970 na Lillian Malt na Stephen Hobday, iliweka E kwenye gumba la kushoto, kwa sababu waliihesabu lugha yao. Tukihesabu yetu, jibu ni A.

A ikishaondoka, mahali pake pa zamani panakuwa wazi, nami hapo naweka K. Hilo moja linaponya mambo mengi. “Ki”, “ku” na “ko” sasa zinapishana mkono kwa mkono, na “kwa” inakwenda kutoka kidole cha mwisho hadi cha pete hadi gumba, bila kidole kurudia. “Za” haigongani tena. Mahali K ilipotoka naweka Y, ili kukipunguzia mzigo kidole cha shahada. Nakiri lina gharama: “hiyo” sasa ina i na y kwenye kidole kimoja. Nilifikiria kuweka M hapo badala ya Y, lakini “mu” ikipona, “mi” inaumia, na nikaona heri Y. Palipokuwa na Y pana kitufe kinachotoa ng' nzima kwa mguso mmoja, maana katika mji wa wafugaji ng'ombe huandikwa mara nyingi. C, V, X na Z sijazigusa, ili kunakili, kubandika, kukata na kutengua kubaki palepale.

Herufi tatu zimehama na kitufe kimoja kimeongezwa. Si lugha mpya ya vidole.

Hiyo ng' ina mtego ambao lazima niutaje, kwa sababu unawakatisha tamaa wengi. Ukishikilia Shift ukagonga kitufe hicho ili upate herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi, kibodi inatuma herufi zote tatu chini ya Shift, na badala ya Ng' unapata NG ikifuatiwa na alama ya kunukuu. Dawa yake ni kuifanya Shift iwe ya mguso mmoja: unaigonga na kuiachia, inakuza herufi ya kwanza tu, kisha inajizima. Programu za kibodi hizi zinaiwezesha, na ukishaizoea kidole cha mwisho kinapumzika hata kwa majina ya watu.

“Vitufe arobaini haviwezi kufanya kazi ya ofisi. Tarakimu ziko wapi?”

Ziko chini ya vidole, kwenye tabaka la pili. Unashikilia kitufe kimoja cha gumba, na mkono wa kulia unageuka kuwa kikokotoo: 7, 8, 9 juu, 4, 5, 6 katikati, 1, 2, 3 chini. Ukiachia gumba, herufi zinarudi. Kibodi kubwa ya kawaida ina vitufe 104, na mkono lazima usafiri kwenda na kurudi kati ya herufi na tarakimu. Kompyuta mpakato nyingi hazina hata kile kikokotoo cha pembeni, na mhasibu analazimika kuchapa bajeti nzima kwa ule mstari mwembamba wa juu.

Nani hajawahi kuchapa jedwali la makadirio lenye mamilioni, akahesabu sifuri kwa macho akiogopa imepungua moja? Kwenye tabaka langu la tarakimu kuna kitufe kinachotoa sifuri tatu kwa pamoja, na jirani yake kinachotoa alama ya /= tunayoweka baada ya shilingi. Kuna kingine cha “YAH:” na kingine cha “S.L.P.” Hakuna kiwanda kitakachotuwekea kitufe cha /=, kwa sababu hakuna nchi kubwa inayoihitaji. Tunaiweka wenyewe kwa dakika chache.

Anayetaka kuanza asikimbilie kibodi ndogo kuliko zote. Zipo za vitufe 61, zilizoondolewa vitufe vya mishale, safu ya F1 hadi F12 na kikokotoo. Zipo kama Planck, yenye 47 au 48, na Corne, ya vitufe 42 iliyogawanyika vipande viwili. Programu huru ya QMK, inayoendesha nyingi ya kibodi hizi, inaruhusu hadi matabaka 32. Hakuna binadamu anayeyahitaji yote. Mawili au matatu yanatosha ofisi.

Onyo moja la kiufundi, na ni la maana kwa Kiswahili hasa. Mashabiki wanapenda kukipa kitufe kimoja kazi mbili: ukikigusa ni herufi, ukikishikilia ni Ctrl au tabaka. Kibodi inaamua kwa kupima muda, ambao katika QMK kwa kawaida ni sehemu 200 za elfu za sekunde. Usifanye hivyo kwa A. Inarudi mara nyingi mno, na katika “saa”, “baada” na “maana” inajirudia papo hapo. Mchapaji mwenye kasi atapata tabaka mahali alipotaka herufi. A ipewe kitufe chake chenyewe, kisicho na kazi ya pili.

“Utasahau kibodi ya kawaida, na mwenzako hataweza kuitumia kompyuta.”

Nusu ya pili ndiyo rahisi. Kompyuta inakubali kibodi mbili kwa wakati mmoja. Yangu inachomekwa pembeni, ile ya kompyuta inabaki mahali pake na haibadiliki hata herufi moja, kwa sababu mabadiliko yote yamo ndani ya kibodi yangu. Mwenzangu akikaa, anasogeza yangu na kuendelea na kazi.

Nusu ya kwanza ina ukweli. Siku za mwanzo vidole vinababaika, na mtu mwenye kazi ya kukabidhi jioni asianze siku hiyo. Ndiyo maana nashauri A iwekwe kwenye gumba huku ikibaki pia mahali pake pa zamani. Vitufe viwili vinatoa A; hupotezi kitu. Siku utakapogundua kwamba kidole cha mwisho hakiendi tena kushoto, hamishia K hapo. Na kibodi yenye umbo tofauti husaidia mikono kujua iko wapi: mtu wa hapa huzungumza Kinyaturu au Kikimbu nyumbani na Kiswahili ofisini, wala hachanganyi, kwa sababu mlango alioingia umeshamwambia aseme nini.

Wapo waliofunzwa Tabora, kwenye kile kilichokuwa Chuo cha Uhazili na sasa ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambao huona kugusa mpangilio huu ni kudharau walichokifunza. Nawaheshimu sana, na nawajibu hivi: ujuzi wenu si kwamba A iko kushoto. Ujuzi wenu ni kuchapa bila kuangalia, kukaa wima, kuacha vidole virudi mstari wa katikati. Huo unahamia kwenye kibodi yoyote. Kwa kweli hakuna anayefaidika na mpangilio mzuri kuliko mtu aliyefunzwa vizuri. Anayechapa kwa vidole viwili huku akiangalia vitufe hataona tofauti.

“Kompyuta za serikali haziruhusu kuwekewa programu.”

Hazihitaji kuwekewa. Mpangilio unahifadhiwa kwenye chipu ya kibodi yenyewe. Unaupanga nyumbani, kwa mfano kwa programu ya VIA inayofunguka katika kivinjari cha Chrome, au kwa Vial, kisha unaichomoa kibodi na kwenda nayo. Kompyuta ya ofisini inaona kibodi ya kawaida ya USB tu.

Hata hivyo kifaa chako kiingie ofisini kwa idhini ya afisa wa TEHAMA, na usihifadhi nywila katika kitufe chochote. Kitufe kinachotoa “S.L.P.” kinaweza kutoa nywila vilevile, kwa yeyote atakayekigusa.

“Kibodi hizi zinaandika lugha yoyote duniani.”

Hili husemwa na mashabiki, na si kweli. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani. A ni namba 4, iwe imetoka kwenye gumba au kidole cha mwisho. Kwa Kiswahili haina shida, kwa sababu kila tunachohitaji kimo katika mpangilio wa kawaida wa kompyuta, pamoja na ritifaa ya ng'. Lakini majirani zetu wa Kondoa wanaoandika Kɨlaangi wanahitaji ɨ na ʉ, na Wakikuyu wa Kenya wanahitaji ĩ na ũ. Herufi hizo hazina namba za vitufe. Lazima kompyuta yenyewe ifundishwe, kwa mfano kwa Keyman ya SIL, ambayo ni ya bure. Kibodi ndogo itasaidia kuzileta karibu na vidole baada ya hapo. Anayemuuzia mwalimu wa Kondoa kibodi kwa kumwambia kwamba itaandika lugha yake mara tu ikichomekwa, anamdanganya.

“QWERTY ilibuniwa makusudi kumchelewesha mchapaji. Ukiiacha utakuwa na kasi maradufu.”

Hili nalo linatoka upande wetu, na ningependa lisitumike tena. Hadithi husema mikono ya chuma ya mashine za zamani ilikuwa ikigongana, kwa hiyo herufi zikapangwa ili mtu achelewe. Lakini E na R, zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza, zimekaa jirani. Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka wa Kyoto, katika utafiti wao wa mwaka 2011, walionyesha kwamba mpangilio ule ulikua hatua kwa hatua, na kwamba wapokeaji wa simu za maandishi walikuwa na sehemu katika kuubadilisha. Na jaribio maarufu la Jeshi la Majini la Marekani la mwaka 1944 linalotajwa kuisifia Dvorak lilikosolewa vikali na wachumi Liebowitz na Margolis mwaka 1990.

Mimi siahidi kasi. Mchapaji hodari wa QWERTY atabaki hodari, na pengine atanizidi. Ninachosema ni kwamba mzigo unaweza kugawanywa kwa haki kati ya vidole kumi, na hilo lina maana kwa mtu anayechapa tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa, mwaka hadi mwaka.

Wala sisemi inatibu. Anayeamka usiku vidole vimekufa ganzi, au kifundo cha mkono kinauma hadi anashindwa kushika kikombe, aende hospitali, asiende dukani kununua kibodi. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakitafuta dawa kwenye vifaa huku tatizo likikua.

“Vumbi la huku litaiua. Tena ni ghali, na ina kelele.”

Vumbi ni kweli. Kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna mvua ya maana hapa, na malori ya barabara ya Rungwa hayaachi mtu salama. Lakini fikiria kibodi ya bei nafuu ya utando wa mpira: herufi moja ikifa, imekufa kibodi nzima. Kwenye kibodi ya swichi zinazochomoleka, unavuta swichi moja iliyogoma, unachomeka nyingine, bila kulehemu. Swichi za kawaida hukadiriwa na watengenezaji kuvumilia miguso milioni 50, na zipo zenye kisanduku kinachozuia vumbi lisifike kwenye chuma. Brashi ya rangi isiyotumika na kitambaa cha kufunika usiku vinatosha kwa sehemu kubwa.

Bei: zipo zinazouzwa chini ya bei ya simu janja ya kawaida. Zipo pia za ghali mno ambazo hazina herufi hata moja zaidi, hizo ziacheni. Na kelele ni swichi tu. Chagua za kimya.

Asiye na uwezo wa kununua kabisa anaweza kuanza na alichonacho. Kwa Windows kuna chombo cha bure cha Microsoft cha kutengeneza mpangilio, na kwa Linux kuna programu ya keyd. Hutapata vitufe vya gumba, lakini utaweza kuijaribu K mahali pa nukta-mkato, na utaonja tofauti ya “ki”.

“Hii ni kazi ya wahandisi. Tusubiri mpangilio rasmi wa Kiswahili.”

Kupanga vitufe katika VIA ni kubofya kitufe kwenye picha ya kibodi, kisha kubofya unachotaka kitoe. Anayeweza kutengeneza jedwali la mahudhurio anaweza hilo.

Kuhusu kusubiri: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na ilithibitisha kwamba skrini inaweza kusema Kiswahili. Miaka zaidi ya ishirini imepita na vitufe bado vinahesabu Kiingereza. BAKITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, ina kazi ya kutosha na istilahi. Mpangilio rasmi, kama utakuja, utahitaji ushahidi kutoka kwa watu wanaochapa, na ushahidi huo hauwezi kukusanywa na watu wanaosubiri.

Chukua mihtasari yako ya vikao, barua zako, mitihani uliyotunga, uhesabu jozi za herufi zinazofuatana: “wa”, “ya”, “ni”, “li”, “ki”, “ku”, “an”, “am”. Angalia ni zipi zinakiangukia kidole kimoja. Matokeo ya mwalimu wa Kiswahili yanaweza kutofautiana na ya mhasibu au ya karani wa mahakama, na tofauti hizo ndizo tunazozihitaji. Faili la mpangilio wa VIA ni dogo. Linatumwa kwa WhatsApp kutoka Itigi hadi Manyoni, Tabora au Mombasa, na mwingine akalipakia kwenye kibodi yake siku hiyo hiyo, akabadilisha, akalirudisha. Mimi bado sijaridhika na mahali pa M na N chini ya kidole cha shahada, na Y ninayoiweka chini ya I inaumiza “hiyo”. Anayechapa mashairi, anayechapa hukumu, anayechapa habari za michezo, huenda ameshaona njia bora ya hizo herufi tatu, na ningependa kuiona.